Njia Iliyoanzia Bara

Sisi watu wa pwani tumekua na picha moja ya njia ya misafara: inaanza Bagamoyo, inapanda Mpwapwa, inakatiza Ugogo, inapumzika Tabora, inaishia Ujiji penye maji ya Tanganyika. Ndivyo ramani za shuleni zilivyoichora, mshale ukitoka baharini kuelekea magharibi. Nashikilia kwamba mshale huo umechorwa kinyume. Njia ile ilifunguliwa na watu wa bara, ikaendeshwa kwa mabega, miguu na chakula cha watu wa bara, na moyo wake ulikuwa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayouzunguka mji wa Tabora, wala si kwetu. Mgeni anayetaka kulijua hilo hana haja ya kujifungia maktaba. Na ashinde kutwa Tabora akihangaikia mambo ambayo msafiri yeyote hana budi kuyahangaikia: fedha, chakula, mzigo, pa kulala, usafiri wa kuendelea mbele. Shughuli hizo ndizo zilizoujenga mji huu, na bado zinausimulia vizuri kuliko kibao chochote cha watalii.

Kwa mtu wa Mombasa kama mimi, Tabora ni ugenini mara mbili. Ni nchi nyingine kwa mujibu wa pasipoti, na ni bara kwa mujibu wa mazoea yetu ya kugawa ulimwengu. Hata hivyo anayeshuka stesheni hajisikii amefika pembezoni. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa uelekeo ambao wapagazi walikuwa wameukanyaga kwa karibu karne nzima. Mwaka 1928 likafunguliwa tawi la Mwanza, na baadaye, kupitia Kaliua, la Mpanda. Kwa hiyo stesheni ya Tabora ni njia panda. Abiria wa Kigoma na wa Mwanza huachana hapa, mabehewa hukatwa na kuunganishwa, watu huketi juu ya mabegi yao wakisubiri. Kusubiri huku kuna historia yake, na nitalirejea jambo hilo baadaye, kwa sababu hakuna mgeni mashuhuri aliyepita Tabora karne ya 19 ambaye hakulazimika kusubiri.

Shughuli ya kwanza ya mgeni ni fedha na mawasiliano, na siku hizi viwili hivyo vimekuwa kitu kimoja. Bila laini iliyosajiliwa huna pesa kwenye simu, na bila pesa kwenye simu unabaki na noti kubwa ambayo mama wa vitumbua hana chenji yake. Unasajili kwa pasipoti na alama za vidole, unakwenda kwa wakala chini ya mwavuli, unawekewa salio, ndipo unakuwa mtu. Wageni wa zamani walikuwa na tabu hiyohiyo, ila yao ilipimwa kwa kilo. Fedha ya njia ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Palikuwa na merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa kutoka viwanda vya Marekani. Palikuwa na kaniki ya buluu iliyokoza kutoka India. Vilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne shuka, mikono minane doti. Shanga zilikuwa na rangi na majina mengi, na kila nchi ilikuwa na yake. Iliyopendwa na Wagogo iliweza kukataliwa katakata siku chache mbele, na aliyebeba aina isiyo sahihi alibeba mzigo wa bure huku akilala njaa. Nani alikuwa anaamua? Mwanamke wa kijijini mwenye mtama wa kuuza. Tajiri wa Unguja aliagiza shanga kutoka Ulaya kwa kufuata chaguo la mama huyo, ambaye hakuwahi kuiona bahari. Mshale wa ramani hauonyeshi jambo hilo hata kidogo.

Kutoka kwa wakala mgeni huenda sokoni, na hapa sharti atulie, kwa kuwa ushahidi mzito umo kwenye matenga. Kuna mchele, karanga, maharage, na uyoga wa porini mvua zikishanyesha. Kuna migebuka na dagaa walioletwa kutoka Kigoma. Kuna michembe, yaani viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani vikiwa vibichi hadi vikauke kabisa. Na kuna matobolwa, ndugu yake, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Chukua kipande cha tobolwa ukitazame: rangi ya kahawia, kigumu kama ngozi, kingo zimejikunja, ukikitafuna kinalainika polepole na utamu unatoka mwishoni. Huuzwa kwa kopo au kwa sado. Ni chakula kilichopunguzwa maji na uzito, kinachokaa miezi bila kuharibika, ambacho msafiri anaweza kukitia mfukoni akatembea nacho. Pembeni yake iko asali, fahari ya Tabora, katika chupa zilizowahi kuwa za maji na katika madumu. Muuzaji atakuuliza unataka ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo. Ya wakubwa ni nzito na imekoza, imetoka kwenye mizinga ya magome na magogo inayotundikwa juu ya miti ya miombo huko Sikonge na Uyui. Ya wadogo ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake imesimama. Nalileta soko katika hoja kwa sababu hii: msafara wa mamia ya watu hauwezi kuishi kwa shanga. Unahitaji nchi yenye wakulima wanaozalisha ziada, wanaojua kuhifadhi, na wanaokubali kuuza. Ugogo msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi na kuyanunua maji kwa bei kali. Unyanyembe ulikuta chakula. Ndiyo maana misafara ilituama hapa, na palipo na kutuama ndipo mji ulipoota.

Sasa tuje kwenye mzigo. Mgeni wa leo anayetafuta wa kumbebea begi kutoka stesheni hapati shida. Bodaboda na bajaji wako tayari kabla hajainua mkono. Mgeni wa 1857 alikuwa na shida, na kisa chake kinafundisha. Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, jina ambalo Tabora ilijulikana kwalo wakati huo, mwezi Novemba mwaka huo. Mara wapagazi wao wengi wakatua mizigo na kutawanyika. Walikuwa wamefika kwao. Novemba ndiyo mvua zinaanza Unyamwezi, na mtu mwenye shamba na jembe hana sababu ya kubeba sanduku la Mzungu hadi ziwani wakati majirani wanapanda. Wageni wale wawili, pamoja na barua zao zote za Sultani, walikaa zaidi ya mwezi wakitafuta watu wengine. Humo mna kanuni nzima ya njia. Wanyamwezi walisafiri kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, na walirudi kulima. Msimu wa kulima mpagazi aliadimika na ujira ukapanda. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka, chungu na silaha yake mwenyewe. Wabeba pembe walitembea mbele, nyuma ya kirangozi, mwongoza njia, na waliheshimiwa kuliko wenzao. Posho ilijadiliwa, urefu wa mwendo ulijadiliwa, na kiongozi aliyewasukuma kupita kiasi aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala peke yake. Watu waliofanya hivyo walikuwa wenye kazi yao, wanaoijua thamani yake. Na hawakuifundishwa na Waarabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kwenda bara, Wanyamwezi walikuwa wameshaziteremsha pembe zao wenyewe hadi baharini. Waliotufuata pwani ni wao. Sisi tulikuja kuwafuata nyuma, kwenye njia waliyotuonyesha.

Mchana ukipoa, kila mgeni hupelekwa Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji, kulitazama tembe la Livingstone. Aende. Lakini ajue anatazama nini. Tembe ni nyumba ya bara: kuta nene za udongo, dari bapa, vyumba vikizunguka ua. Mfanyabiashara wa pwani alipotaka kukaa Unyanyembe hakujenga nyumba ya mawe ya matumbawe. Alichukua umbo la nyumba alilolikuta, akapachika juu yake mlango wa nakshi wa kwao. Mlango ni wetu, nyumba ni yao. Hilo peke yake linatosha kumweleza mtu uhusiano ulivyokuwa. Halafu kuna lile ambalo wageni wengi hulisikia bila kulitilia maanani. Stanley na Livingstone walifika hapa pamoja kutoka Ujiji Februari 1872. Stanley akaondoka katikati ya Machi kurudi pwani. Livingstone, mtu aliyekwisha kulivuka bara hili kutoka bahari hadi bahari, akabaki Kwihara hadi tarehe 25 Agosti. Alikuwa anasubiri watu wa kumbebea mizigo. Ni kweli kwamba 57 waliokuja hatimaye waliajiriwa na Stanley pwani. Vita vya mtemi Mirambo, nitakayemrejea, vilikuwa vimeitikisa nchi, na vijana wa Unyamwezi walikuwa na mengine ya kushughulikia. Lakini hilo linaipa hoja nguvu: Unyamwezi ukiwa na shughuli zake, msafiri mashuhuri kuliko wote wa zama zake hukaa barazani miezi mitano akihesabu siku. Mwaka uliofuata maiti yake ilipitishwa hapahapa mabegani mwa watumishi wake Susi, Chuma na wenzao, ikaenda zake Bagamoyo.

Najua atakayenipinga wa kwanza. Atasema: Tabora kama mji iliwekwa na Waarabu wa Omani na Waswahili; Kazeh ilikuwa kituo chao, liwali alikuwa wao, mtaji ulitoka kwa Wahindi wa Unguja. Yote ni kweli, na sikusudii kuyafuta. Snay bin Amir aliyewakirimu akina Burton alikuwa Mwomani. Taria Topan aliyemkopesha mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa Mhindi wa Unguja. Swali ni je, watu hao walikaa kwa ridhaa ya nani? Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Ituru karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mfanyabiashara aliyejitosheleza hahitaji mkwe mtemi. Fundikira alipokufa, mrithi wake Mnywa Sele alitaka kuzitoza ushuru bidhaa za Waarabu. Wakamtoa na kumweka Mkasiwa, na Mnywa Sele akawasumbua porini na kuziharibu njia zao hadi alipouawa 1865. Unaweza kusema waliishinda nchi. Mimi nasema ilibidi wamtafute mtemi mwingine wa ukoo uleule, kwa sababu bila mtemi biashara isingesimama. Kisha akaja Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea kwa bunduki zao zote, Stanley akiwa pamoja nao, wakapigwa. Mirambo akaja akachoma sehemu ya mji wenyewe, na njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikafungwa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Mwenye njia ni yule anayeweza kuifunga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na anayelipita haraka hajitendei haki. Watu waliuzwa kwenye njia hii. Walifungwa minyororo, walikufa kiangazini, waliachwa kando wakiwa hawawezi tena kutembea. Nikiimba sifa za wapagazi na wenyeji wakarimu, je, siwafunikii wauzaji kombe? Jibu langu ni kwamba hoja ya njia kuwa ya bara haimtakasi mtu wa bara. Watemi waliuza mateka. Mirambo na wapiganaji wake wa rugaruga waliteka watu. Wanyamwezi matajiri walinunua watumwa wa kulima mashamba yao wakati wao wenyewe wako safarini. Wako Tabora na Ujiji watu wenye asili ya Manyema, ng'ambo ya ziwa, ambao mababu zao waliletwa wengine kwa nguvu, wengine kama askari na wafuasi wa wafanyabiashara, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922. Hayo yasemwe sokoni, Kwihara na darasani. Ninachokataa ni kuchanganya makundi mawili, watumwa na wapagazi wa ujira, hadi yote yafutike. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na vituo vyake sita, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, ikaitwa njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina ni la kweli, lakini limetaja bidhaa tu, likamsahau mfanyakazi. Mgeni anayelisoma huondoka akidhani kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa wa aliyemtangulia. Wako waliokuwa hivyo. Lakini umati wa waliobeba, mwaka baada ya mwaka, walikuwa watu huru wa Unyamwezi waliokubaliana ujira, wakaudai, wakarudi nao nyumbani. Kuwatia wote kwenye mnyororo mmoja kunawanyang'anya mpagazi kazi yake na mtumwa dhuluma yake, kwani dhuluma ya mtumwa inaonekana waziwazi pale tu inapowekwa kando ya mtu aliyelipwa kwa safari ileile.

Mwingine ataniuliza nimeyapata wapi haya, ikiwa walioandika ni Burton, Speke, Stanley na Livingstone. Ni swali la haki. Kwanza, si wao peke yao. Tippu Tip aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, masimulizi ya wasafiri wa pwani yaliyoandikwa kwa lugha hii tunayoisoma sasa. Makala ya safari ni fani yetu ya zamani; hatukuiazima juzi. Lakini nakiri nao ni watu wa pwani, na macho yao juu ya washenzi wa bara, kama walivyowaita, hayana tofauti kubwa na ya Wazungu. Ndiyo sababu natilia mkazo shughuli badala ya sifa. Msafiri mwenye majivuno huandika vibaya kuhusu wenyeji wake, ila hesabu yake ya matumizi haidanganyi. Anapolalamika kwamba wapagazi wamegoma, kwamba shanga zimekataliwa, kwamba mtemi amezuia mashua au njia, anatoa ushahidi juu ya nani alikuwa na nguvu, hata kama nia yake ilikuwa kuwatukana.

Kuna pia pingamizi jepesi la wanaosema Tabora haina cha kuona: wapite tu, wakawatazame sokwe wa Gombe au machweo ya Mwanza. Sitalijibu kwa marefu. Mji ambamo Nyerere alisoma na kufundisha, ambamo chama cha TANU kilikutania Januari 1958 kuamua juu ya kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, uliozitoa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, hauna upungufu wa mambo. Wenye upungufu ni sisi tunaosafiri tukitafuta majengo. Tembe ni udongo na udongo hurudi chini. Kilichodumu ni miembe mikubwa yenye vivuli ambamo mafundi viatu na wauza magazeti hujipanga, mpango wa vyakula sokoni, na tabia ya mji ya kumpokea mtu bila kumshangaa. Mwenyeji atakuambia “karibu” akiwa ameshakugeuzia kiti, kisha ataendelea na kazi yake. Miji ya pwani inajivunia ustaarabu huo kana kwamba iliupeleka kila mahali. Unyanyembe imekuwa ikipokea wageni wa miezi, wenye homa, madeni na mizigo isiyo na wabebaji, na imejifunza adabu hiyo kwa kuifanya.

Reli ya kisasa inakuja. Treni za umeme zilianza kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma vimo katika ujenzi. Mwendo uliokula miezi mitatu kwa miguu utakuwa wa saa chache, na wageni watakuwa wengi kuliko ilivyowahi kuwa. Kwa wale watakaoandika maelezo kwenye kuta za stesheni hiyo mpya na kuyapanga upya ya Kwihara, ombi langu ni moja: mwanzoni mwa maelezo asiwekwe Livingstone, wala Tippu Tip. Awekwe mpagazi, uandikwe uzito wa mzigo wake, ujira wake, msimu wake wa kulima na kijiji alichotoka, na kando yake mama aliyemuuzia mtama. Na wewe msomaji wa pwani, ukishuka Tabora, usikimbilie Kwihara kwanza. Anza sokoni, ununue michembe ya njiani, uulize bei ya asali ya nyuki wadogo, kisha ndipo umwite bodaboda.